Yamkini

Kaunta ya dawa, Tudor, saa mbili na robo.
Feni ya ukutani yageuza shingo
kama shahidi asiyetaka kuitwa.
Bi Mwanasiti ashusha leso:
mdomo wa juu umetuna kama sambusa.
Kicheko kilinijia. Alinitangulia yeye.

"N'liamka nao. Jana?
Jana n'likula kamba wa nazi kwa dadangu Kibokoni.
Na maji ya mwarobaini, ya tumbo.
Na kidonge cha presha, kile chako wewe."

Watuhumiwa watatu,
na pakiti ya mmoja ina mwandiko wangu:
*kimoja, asubuhi*. Mwezi wa tano sasa.

Natamani awe kamba.
Nalisema hapa
kwa kuwa fomu ya njano haikuliachia nafasi.

Jogoo huwika, kukakucha,
wala hajakamatwa jogoo kwa kosa la jua.
Basi nauliza, polepole.

"Kamba umeanza kumla lini?"
"Tangu n'na meno ya utoto."
"Kunawasha?"
"Hakuwashi. Kumejaa tu, kama mdomo wa mtu mwengine."
"Na kikohozi hicho?"
"Ah, hichi ni vumbi la barabara yao. Mwezi wa tatu huu."

Kikavu. Cha usiku zaidi.
Mara nne alikuja, mara nne
nikamhesabia vidonge thalathini
kwa kisu kile cha plastiki, viwili viwili,
nisihesabu alivyokohoa.

Daktari Mwakio alimkagua ulimi na koo,
akamlaza hadi magharibi.
Kidonge tukakisimamisha.
Siku ya tatu mdomo ukarudi kwao.

*Je, mgonjwa alipewa dawa hiyo tena?*
Hapana. Koo la mtu si mahali pa kupimia ubishi.

Halafu visanduku:
Hakika. Yamkini. Huenda. Haielekei.
Hakika ina uzito wa kiapo, nami sikuwamo ndani ya damu yake.
Huenda ni mlango wa uani;
ningetokea hapo, nisionekane na mtu.
Nikatia alama kwenye Yamkini,
na palipoulizwa nani alitoa dawa
nikaandika, herufi kubwa, BADI SHEKUE.

Mwezi ukapita. Akaja kuchukua kidonge kipya,
leso begani.
"Kwa hivyo kamba hana hatia?"
"Hana."
"N'lijua mie."
Nikachelewesha kufunga pakiti,
nikisubiri akohoe.

Hakukohoa.