Upande wa Sikio

Sikio lake la kulia liliuawa na msumeno
kiwanda cha mbao, kabla sijamjua.
Na nchi hii dereva hukaa kushoto,
basi miaka arobaini na mmoja
nimeketi upande usiosikia
nikisema nitakalo.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema.
Mimi sikuwa natoa dawa.

Tulitoka Las Cruces kabla ya jua,
binti yetu mlangoni, kitoto begani,
pilipili za kuchoma zikitunukia toka kiti cha nyuma.
Truett akapima upepo wa magurudumu mara tatu
kama mtu anayewapa machozi muda wa kurudi walikotoka.

Kisha Teksasi.
Teksasi haina adabu: unasinzia, unaamka,
unasinzia tena, bado ni Teksasi.
Pampu za mafuta zinainama, zinainuka, zinainama,
waumini waliosahau walikuwa wanaomba nini.
Kwenye kibao cha kijani nikaliona jina langu:
ODESSA, maili kumi na mbili.
Mama hakuwahi kufika huko. Alilipenda neno tu.
"Tunakukaribia," akasema Truett,
akacheka peke yake hadi Midland.

Nikaliambia sikio lile:
ulikosea kuliuza shamba la bondeni.
Nikaliambia: mwaka wa mafuriko
nilipanga sanduku, likakaa chini ya kitanda
siku tisa, upande wangu.
Nikaliambia: shati lako likitoka kuanikwa
bado hunimaliza.
Akanyoosha mkono, akaongeza kiyoyozi,
akidhani nalalamikia joto.

Abilene: mkate wa mahindi uliokauka kama ahadi.
Shreveport: chumba cha dola hamsini na tano,
godoro lenye bonde katikati;
tukaporomoka humo wote wawili, magoti na viwiko,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi mvua. Louisiana nzima ilikuwa maji na misonobari,
na ndege weupe wamesimama kwenye mashamba ya pamba
kama karatasi zilizopeperuka toka ofisi fulani.
Vicksburg, juu ya daraja, mto ule mpana
rangi ya chai iliyotiwa maziwa kwa uchoyo,
Truett akapunguza mwendo. Ng'ambo akasimama,
akanipa funguo.
"Naona barabara mbili," akasema. "Endesha ile ya kweli."

Nikashika usukani.
Akakaa kulia, na sikio lake zima
likanielekea.
Sikuwahi kulitazama vizuri. Lina vinyweleo vyeupe
na kovu dogo la kinyozi.
Nikafungua mdomo.

Jackson ikapita.
Nikasema, "Kuna lori mbele."
Akasema, "Naliona."
Meridian tukanunua karanga za kuchemsha,
akazimenya, akaniwekea kiganjani moja moja,
maganda akayatia mfuko wa shati,
na mimi, msemaji mkuu wa maili elfu,
nikawa natafuna.

Mpaka wa Alabama jua lilikuwa nyuma yetu,
limejaa kwenye kioo. Hakunitazama aliposema,
"Lile sanduku. Lilikuwa la bluu?"

Gari likayumba kidogo. Nikalirudisha.

"Kioo cha dirisha langu hurudisha sauti, Dessa.
Si yote. Ukipunguza redio, mengi."

Redio. Miaka yote ile, mkono wake
ukienda kwenye kitufe, mimi nikidhani
hapendi nyimbo.

"La kahawia," nikasema. "La bluu lilikuwa la dada yako."
Akatikisa kichwa, kama anayesahihisha daftari.
"Shamba, kweli nilikosea," akasema,
akamenya karanga nyingine.

Njia ya kutokea Eutaw tuliipita kwa maili saba
kabla hatujagundua,
au kabla mmoja wetu hajakubali
kwamba aliiona.