Kamba Kwenye Boriti

Nilipopanda Qallapata mara ya kwanza
nilikuja na meza.
Ya chuma, yenye vikono vya kupachikia miguu.
Watu wanne waliibeba kutoka darajani, barabara inapokatikia,
nami nyuma yao nikihema, hewa ya Andes hainitoshi kifua,
nikijiona ndiye ninayepandisha uhai mlimani.

Mwaka mzima daftari likakaa jeupe.
Safu ya waliojifungulia kituoni: sufuri, sufuri,
kisha moja, mke wa mwalimu, mtu wa pwani kama mimi.
Nikaandikia makao makuu: wanawake wa huku ni wakaidi.
Niliandika hivyo. Mkono wangu huu.

Kisha Eulogia Ccorahua, mwezi wa Juni, usiku wa barafu.
Mtoto alitoka salama, kondo ndilo lililogoma.
Mumewe alinigongea mlango, maneno hayatoki.
Kutoka kwangu hadi kwake
ni mwendo wa kuchemsha viazi mara mbili.
Damu ilikuwa imepenya ngozi tatu za kondoo.
Sindano niliyoibeba ilibaki mfukoni,
nyembamba kama kidole cha yule mtoto.

Baada ya maziko nikaenda kwa Saturnina, mkunga wa pale.
Sikupewa kiti. Nikachutama.
Kwa nini hawaji?
Alikuwa akisokota sufu, na hakuacha kusokota.
"Meza yako baridi.
Unawavua sketi mbele ya madirisha.
Mtu amefunguka, wewe unamwosha kwa maji ya mtoni!
Unamlaza chali kama kondoo anayengoja kisu,
mtoto aupande mlima badala ya kuuteremka.
Na kondo unalitupa shimoni, pamoja na pamba na chupa.
Nduguye mtoto, huyo. Wako ungemtupa?"

Nikatafuta jibu katika masomo yangu ya miaka mitano.
Halikuwemo.

Basi tukafunga kamba kwenye boriti,
kamba ya sufu ya lama, nene kama kifundo cha mkono.
Tukaleta jiko. Tukaziba madirisha kwa mablanketi.
Mume akaruhusiwa kuketi nyuma, magoti yake yawe kiti.
Saturnina akapewa ufunguo,
nami nikabaki na friji ya sola, kipimo cha presha,
na redio ya kuliita gari lililo darajani.
Tuligombana, tusidanganyane.
Yeye alitaka mvuke wa majani, mimi glavu.
Sasa tuna glavu zinazonukia majani.

Wanaotaka kupumzika kuzaa huja siku ya soko,
wakisema kwa sauti kwamba wanauza mayai.
Nanunua mayai. Nachoma sindano ya miezi mitatu.
Nala mayai sana.

Fomu ya bajeti haina mstari wa kamba,
wala wa ngozi ya kondoo, wala wa supu ya usiku.
Naandika: vifaa vinginevyo.
Mkaguzi aliniuliza ni vifaa gani.
Nikamwambia, vinginevyo.

Jana saa tisa usiku, Hermelinda, mdogo wake Eulogia,
aliishika kamba.
Hakupiga kelele. Alivuta kama anayemnasua ng'ombe matopeni,
kamba ikalia, boriti ikalia,
kisha akalia wa tatu.
Nikamchoma pajani dakika ile ile,
dawa ile ile iliyolala mfukoni mwangu mwezi wa Juni.
Nikahesabu. Damu ikasikia.
Kondo likashuka, Saturnina akaligeuza kwenye taa,
akalisoma ukingo hadi ukingo,
akaniitikia kwa kichwa: zima.

Nikaliosha kwa maji ya vuguvugu, nikalitia chunguni,
nikamkabidhi Fortunato.
Akatoka nalo kifuani, chini ya joho lake la sufu,
akikanyaga barafu taratibu, bila kumsalimu mtu,
kwenda kulizika ubavuni mwa meko.

Meza bado ipo, nje, upande wa jua.
Tunaanikia mablanketi.