Upepo wa Watu Watatu

Mwezi wa Mei, Cuttack. Lami inang'ang'ania kandambili.
Pangaboi letu la zamani limekufa saa saba mchana,
baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi.
Limekufa likiguna, kama lilivyoishi.

Nikaenda kwa Prafulla Sahu. "Nataka pangaboi."
Akacheka. Juu ya kichwa chake yalining'inia arobaini,
yote yakizunguka, naye jasho linamtiririka.
"Chumba chako kina ukubwa gani?"

Futikamba sina. Nilikuwa nimepima kwa sari:
urefu, theluthi mbili za sari;
upana, nusu sari na shubiri mbili.
Na kwenda juu?
Kwenda juu nilimsimamisha mwanangu Biraja,
akanyoosha mikono, vidole vikagusa boriti.

Prafulla akaacha kucheka.
"Huyo kijana huvalia wapi shati?"
Katikati ya chumba. Chumba chenyewe ni kimoja.
"Basi kuanzia leo avalie nje,
na wewe chukua lenye shingo fupi."

Akanionyesha la mabawa matano yenye nakshi za dhahabu,
akanionyesha lenye taa tatu mithili ya maua.
Nikamwambia, kaka, mume wangu ni sonara wa fedha.
Hukaa sakafuni, taa yake ya utambi mbele yake,
anasokota nyuzi nyembamba kuliko unywele,
anaziunganisha kwa mwali anaoupuliza kwa mrija.
Upepo ukizidi, mwali unalala.
Mwaka jana jani moja la fedha lilipeperuka
tukalitafuta chini ya kitanda hadi usiku,
na ujira wa siku nzima ukaenda nalo.

"Kumbe," akasema, "huchagui pangaboi.
Unachagua namba moja."
Akararua karatasi ya risiti, akaishika chini ya lile la kwanza:
karatasi ikachachawa kama kuku aliyeshikwa mguu.
Chini ya la pili ikatikisika tu, kama inayesinzia.
"Namba moja ya lile ni namba nne ya hili.
Watu hununua dhoruba, halafu wanalala wamejifunika blanketi."

Kisha akanipakatisha mota yake.
"Usitazame rangi. Sikiliza uzito. Shaba hiyo."
Nikaigonga kwa kidole, kama nigongavyo tikiti sokoni.
Sikujua nasikiliza nini, ila nilitikisa kichwa.
"Na kelele?"
"Hili halisemi. Utasahau kama lipo."
Nikalipa. Akanipa na kalenda ya duka, bure.

Usiku wa kwanza, mamamkwe akaketi kitandani.
Macho yake yalizimika miaka sita iliyopita.
"Umeme umekatika?"
Haujakatika, mama.
"Mbona sisikii kitu?"
Linazunguka, mama.
Akainua kiganja, akakiacha hewani muda mrefu,
kama anayengoja chenji.
"Upepo upo," akasema. "Lakini nyumba imenyamaza
kama watu wanaonificha jambo."

Siku tatu hakulala, nasi hatukulala.
Bidyadhar alifurahi mchana, mwali wake ulisimama wima,
lakini usiku alimsikiliza mama yake akigeuka, akigeuka.
Akaniuliza kwa sauti ya chini
kama lile la zamani fundi angeweza kulifufua.
Nikamwambia, nimepima kwa sari yangu mwenyewe,
harudishwi mtu dukani.

Siku ya nne nilikuwa nafagia nyuma ya mlango,
nikaikuta kalenda ya Prafulla, imejikunja.
Nikaigongomea msumari juu ya kitanda cha mama.
Usiku, namba tatu.
Juni ikaanza kumpiga Mei mgongoni,
Julai ikaingilia, Desemba nayo,
pa, papa, pa, ukutani.

"Aa," akasema mama. "Umerudi."
Akageukia ukuta. Akakoroma.

Na Biraja, kila asubuhi, akishika tu shati lake,
sote watatu, hata yule asiyeona,
tunapaza sauti moja:
"Nje!"