Chumba Kisicho na Vumbi

Barua ina kurasa kumi na moja.
Nimezisoma kwa tochi, umeme umekatika Ndosho tangu jana,
nikipigia mistari kwa kalamu ya bluu
kwa sababu ukurasa wa nne unasema penseli ni marufuku:
unga wake mweusi huruka.

Marufuku pia poda, wanja, marashi,
sweta la sufu, karatasi ya kawaida,
kukimbia, kupunga mikono, kujikuna.
Mtu akisimama tu, imeandikwa,
hupukutisha chembe laki moja kwa dakika.
Mimi nimesimama.
Nahesabu.

Mimi wa Goma,
ambako vumbi ni jirani asiyebisha hodi,
jeusi, la mawe yaliyowahi kuwa moto,
tunalitafuna kwenye sombe bila kulalamika.
Mama hufagia mara tatu kwa siku
na jioni ufagio wenyewe unataka kufagiwa.

Jana nilifanya mazoezi ya kuvaa.
Kofia kwanza, barakoa, kisha ovaroli,
mwisho glavu, zifunike mikono ya nguo.
Ovaroli yao sina.
Nimeazima koti la mvua la kaka yangu Muhindo,
mabuti yake ya kuoshea pikipiki,
glavu mbili za Kavugho wa zahanati.
Mguu mmoja hewani, nguo isiguse sakafu,
nikaangukia bidoni la maji.

Mama akafungua mlango.
Hakucheka.
Akanitazama kichwa hadi miguu,
akauliza kwa sauti ya mwaka ule wa Ebola:
"Nani amekufa?"

Nikavua kofia haraka.
Hapana, Mama. Wale walijifunika
ili ugonjwa wa mtu usiwafikie.
Huku ni kinyume, huku mtu ndiye ugonjwa.
Nguo inakilinda kisahani cha silikoni dhidi yangu,
dhidi ya ngozi yangu, pumzi yangu,
unywele mmoja wa kope.
Akawaza kidogo.
"Kwa hiyo wanakuogopa."
Jibu la hilo halimo katika kurasa kumi na moja.

Usiku nilikariri kama katekisimu:
Hewa yote itolewe kwanza, usiwe na haraka.
Mwale wa elektroni hauonekani, ila unaandika.
Dozi ikizidi, mistari hunenepa na kushikana;
ikipungua, umeandika juu ya maji.
Lenga. Sawazisha. Lenga tena.
Na mashine haipendi kutikiswa:
lori likipita barabarani, mstari unayumba.

Hapo nilicheka peke yangu gizani.
Nani atanifundisha mimi mtetemo?
Wiki ile mlima ulipopasuka
tulikunywa chai katika vikombe vilivyocheza vyenyewe.

Ukurasa wa mwisho: kila mwanafunzi aje na mchoro,
ndio utakaokuwa kazi yake ya kwanza,
upana usizidi mikroni hamsini.
Wenzangu, nadhani, watachora nembo za vyuo vyao.
Mimi nimechora nyumba ya Buhene.
Vyumba viwili, jiko, choo cha nje, mparachichi,
kijia alichosimama Baba akiita tokeni, tokeni,
acheni godoro, tokeni.
Leo pale ni jiwe tupu.
Tulienda na kamba kutafuta mpaka wa kiwanja,
tukarudi na kamba.

Itaenea yote, pamoja na uzio,
ndani ya chembe moja ya vumbi lile lile.

Nikamwonyesha Mama kwenye kompyuta.
Akavaa miwani, akasogeza uso
mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
Nilitaka kusema: Mama, pumzi.
Sikusema.

"Dirisha la jikoni umelisahau," akasema.
"Lile la upande wa mlima."

Betri ilibaki asilimia tatu.
Nikalichora, mistari minne,
nikahifadhi.