Herufi za Risasi

Buenos Aires, Villa Crespo, mwezi wa Agosti,
baridi ya upande huo wa dunia.
Frymet Szapszowicz anapanga kitabu cha mtu
herufi kwa herufi, kwa Kiyidi,
na vidole vyake vina weusi usiotoka kwa sabuni.

Herufi ni za risasi.
Katika lugha yangu neno ni hilo moja
kwa hiki anachokiokota kutoka kisandukuni
na kwa kile kilichomlaza dadake, Gitl, ukingoni mwa shimo.
Nimelifikiria sana.
Lugha haikukosea. Madini ni yaleyale.

Mwenye kitabu ni Zelik Wajnapel, mshona kofia.
Alileta daftari tatu ndani ya kikapu cha vitunguu,
akaomba kikapu arudishiwe.
Ukurasa wa themanini na moja:
*Siku ya Upatanisho, kule kambini, nilifunga.*
Frymet akapanga, hakusema kitu.
Alikujua kufunga kwa kule,
mwaka mzima, bila nia, bila futari.

Alhamisi Zelik akaja na karatasi za kusahihisha.
Amelikata neno kwa wino mwekundu, juu yake kaandika:
*sikufunga.*
"Neno moja tu," akasema. "Litakusumbua?"
Frymet akachukua kibano.

Juma la pili akaja tena, mvua ukingoni mwa kofia.
*Sikufunga. Nilikula mkate wa Lajbel,
aliyekufa alfajiri ubavuni mwangu.
Nilimwegemeza ahesabiwe mzima
ili mgao wake uje.*

Kufa kufaana. Methali hiyo huisikia sokoni,
inasemwa na kicheko kidogo, bei ikianguka.
Sijawahi kuisikia ikiwa na uzito,
gramu mia mbili, na unga wa mbao ndani yake.

"Sasa umemaliza?"
"Bado."

Alirudi siku ya mwisho, kurasa zimekwisha kufungwa kwa uzi,
mashine imetiwa mafuta, kijana wa kuizungusha anapiga miayo.
Zelik akabaki mlangoni.
"Ongeza. Kabla ya kula, nilibariki.
Usiandike kwamba niliamini. Usiandike kwamba niliacha kuamini.
Mdomo ulijisemea wenyewe
baraka ya mkate, yote, mpaka mwisho,
na yule niliyekuwa nikimtukuza nilimchukia,
na amina niliitikia mimi
kwa kuwa Lajbel hakuweza."

"Ukurasa umejaa," akasema Frymet.
"Basi ondoa kitu."
"Nini?"
Akafikiri, anaizungusha kofia mkononi
kama anayetafuta mshono ulipoanzia.
"Pale niliposema mateso yalinifanya mtu bora."
"Ni mstari mzuri ule."
"Mzuri. Niliwaandikia wageni."
Kisha, polepole:
"Yalinifanya mtu anayeficha mkate chini ya mto,
hata leo, na mke wangu hulalamikia makombo.
Lakini hilo usiliweke. Ni lake."

Akakata uzi. Akaung'oa mstari ule mzuri.
Herufi zikarudi kisandukuni, kila moja chumba chake,
kwa mlio wa mchele ukimwagwa kwenye ungo,
zikingoja kusema jambo jingine.

Usiku, chumbani kwake, ghorofa ya tatu,
nusu mkate, kisu, chumvi kwenye kisahani.
Tangu treni ile hajabariki hata tone la maji.
Si kwa hasira. Hasira iliisha zamani, kama mafuta ya taa;
kilichobaki ni utambi, na desturi ya kutougusa.

Alikata kipande. Vidole viliacha alama nyeusi
kwenye nyama nyeupe ya mkate. Hakuzipangusa.
Akala kwanza.
Kisha, kinywa kikiwa kimejaa bado,
akalijaribu neno la kwanza la baraka, hilo moja,
aone tu kama linatamkika.

Lilitamkika.
Akaendelea kutafuna.