Kichwa Kinauzwa Kando

Mbuzi nilimuuza Msalato na kamba yake shingoni.
Sikumwambia mnunuzi: kamba ina bei yake.

Leo nafungua boksi: simu, waya,
na kikaratasi kinachojisifu kupunguza taka.
Kichwa cha chaji je?
"Kinauzwa kando, baba. Elfu thelathini."

Nyumbani Nyamwanji anacheka,
ananimwagia mkebe wa vichwa vya zamani,
saba, vimelala chali kama kumbikumbi baada ya mvua.
"Taka si hizi? Wamesema kweli."

Tunajaribu kimoja kimoja.
Waya una mdomo mwembamba,
matundu yote mapana.
Vinarudi mkebeni,
vikisubiri sijui nini.

Asilimia tatu.
Navaa ndala, nakata vumbi hadi kwa Chedego,
kuazima kamba.