Dakika Nne Kwa Umazi

Karani wa mafao, pale Malindi mjini,
aliisukuma fomu ikarudi upande wetu wa meza.
"Malindi hakuna reli," akasema. "Haijawahi kuwako."
Baba akaangalia viatu vyake.

Nikasema: ya chumvi. Si ya abiria.
Upana wake hatua moja ya mtoto.
Ilitoka mabwawani, huko nyuma ya Gongoni,
ikaja hadi barabara ya lami, maili sita na kitu,
na injini yake tuliiita Beberu
kwa vile ilikohoa kabla ya kutembea
na haikupenda kurudi nyuma.

"Vituo?"
Nikamhesabia kwa vidole, kama zamani
tulipokimbia ubavuni mwa mabehewa, vidonda vikiwaka chumvi:
Mabwawani.
Mkoko Mmoja, ambapo mikoko ilikuwa mitatu.
Chini kwa Chini, maana maji ya bamvua yalifunika mataruma
na Beberu akapita amelowa hadi magotini.
Mizani, penye banda la mabati na Jefwa wa Thoya
aliyepima kwa jicho kwanza, kisha kwa mizani,
na mizani ikimpinga aliipiga teke.
Mwisho wa Chuma.
Basi. Hapo malori yalingoja.

Hapakuwa na tiketi, wala saa ukutani.
Wanawake wa zamu ya alfajiri walipanda juu ya magunia matupu,
miguu wameipaka mafuta ya nazi,
wakarudi jioni imechanika, weupe hadi kwenye kope,
kama waliofufuliwa na hakuna anayewauliza habari za huko.

Kisha Elinino.
Siku ya tatu chumvi yote iliyorundikwa
ilirudi ilikotoka, bila kuaga.
Tuta likamomonyoka pale Chini kwa Chini,
reli zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba ya nguo,
na kweli, mtu mmoja akaanika kanga.
Kampuni ikasema itatengeneza.
Ikanunua malori zaidi.
Beberu akakatwa kwa gesi, akauzwa kwa kilo.

Chuma hakipotei lakini. Kimo juu ya mlango wa akina Kombe,
kimelala mtaroni, njia ya kanisani,
na kipande cha urefu wa mkono kinaning'inia mkoroshoni shuleni:
saa mbili kasoro robo, kila asubuhi,
reli inawaita watoto wasioijua.

"Ushahidi?" karani akauliza.
Baba, Ngumbao Mwagandi, mshika breki miaka kumi na saba,
akafungua kiganja cha kulia.
Palepale katikati, ngozi laini, inang'aa, umbo la mpini.
Karani alikitazama kwa heshima, sitamsingizia,
kisha akatafuta kwenye fomu mahali pa kuandika kiganja.
Hapakuwepo.

Nje, mbele ya duka la saruji, baba akasimama.
"Umeruka kimoja."
Nimetaja vyote.
"Kwa Umazi."
Baba, kile hakikuwa kituo. Hapakuwa na banda, hata jiwe.
Palikuwa na mwanamke na sinia ya mihogo ya kukaanga,
pilipili, na chumvi ambayo hatuulizi alipewa na nani.
"Nani alishika breki?"
Wewe.
"Haya. Penye breki pana kituo."

Dakika nne, kila asubuhi.
Mramba dereva aliandika daftarini: injini inapoa.
Mwaka mzima injini ilipoa mahali pamoja, penye harufu ya mihogo,
na msimamizi, Mungu amrehemu, hakujiuliza.
Mwaka uliofuata nikazaliwa.

Tulifika nyumbani jua limepinda.
Mama alikuwa jikoni, moto mdogo,
mafiga mawili ya mawe, la tatu chuma.
Hakuuliza habari za fomu.
"Mmechelewa," akasema, bila kugeuka.
Baba akavua viatu, akavipanga mlangoni.
"Injini," akasema.